W Nne za Gogo

Jumatatu, tarehe 3 Juni. Tangu alfajiri mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha, ile isiyolowesha upesi lakini haikatiki, na ubaridi ulipenya chini ya mlango wa karakana. Kijiti alikuwa ameshawasha taa na kufagia vipande vya sponji vya jana. Sasa alikuwa akichambua misumari, iliyonyooka kwenye kopo moja, iliyopinda kwenye kopo jingine. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila asubuhi kabla ya shule. Babu yake alikuwa amemaliza sala yake fupi, ile aliyozoea kuisali akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya meza ya kazi, na tayari alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililopasuliwa tumbo.

Babu alikuwa fundi wa makochi. Mikono yake ilikuwa mipana kama majembe, lakini ilishika sindano kwa upole kama inayomshika kifaranga. Watu wa mtaa walimwita Gogo. Wazee walijua sababu. Zamani alikuwa bondia wa uzito wa juu, na ilisemwa kwamba kumwangusha ni sawa na kuangusha gogo kwa mateke. Vijana walidhani anaitwa hivyo kwa sababu ya mbao zilizojaa karakanani. Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili, mrefu na mwembamba, alipewa jina la Kijiti tangu alipoanza kutembea. Mjukuu wa gogo angeitwaje tena?

Asubuhi hiyo babu alimtuma arudishe mkasi alioazima kwa kinyozi, mlango wa pili. Kijiti alikuta watu sita wameinamia simu moja. Mteja mmoja alikuwa amenyolewa nusu kichwa, shuka bado li shingoni, naye pia ameinama kama wenzake. Ulikuwa mchezo wa ngumi wa kwenye simu, ambao mtu hujitengenezea mabondia wake mwenyewe. Unachagua urefu, uzito, rangi ya kaptula na jina. Kinyozi alikuwa ametengeneza wawili. Mmoja alimwita Radi, jina la bingwa wa sasa wa uzito wa juu, ambaye picha yake ilibandikwa kila penye ukuta. Wa pili alimpa ndevu nyeupe na mgongo uliopinda, akamwita Gogo.

Kengele ikalia simuni. Radi akarusha ngumi tatu, na yule mwenye ndevu akaanguka chali, miguu juu kama mende. Watu wakacheka mpaka mwenye nusu kichwa akashika mbavu.

"Sekunde kumi na tisa," kinyozi alisema. "Mpelekee babu yako salamu, mwambie asiamke, aendelee tu kulala."

Kijiti aliona masikio yake yanawaka moto. Alimwuliza kinyozi kwa nini amempa babu ndevu nyeupe, ilhali alipokuwa bingwa hakuwa na hata unywele mmoja mweupe. Kinyozi akajibu kwamba hata angemrudishia ujana na meno yote, mabondia wa zamani walikuwa wakisukumana tu, kama watu wanaogombea nafasi kwenye foleni. Kijiti aliweka mkasi mezani kwa kishindo akatoka bila kuaga. Hakuwahi kufanya hivyo kwa mtu mzima.

Alimsimulia babu yote, akihema. Babu aliendelea kushona. Alipofika mwisho wa mshono aliuliza kama mkasi umefika.

"Umefika. Lakini babu, wanakucheka."

"Wacha wacheke, mama. Pengine kweli huyo Radi angenipiga. Anakula vizuri, anafundishwa vizuri. Mimi nilikuwa natoka kubeba mbao ndipo naingia ulingoni."

Jibu hilo lilimwudhi Kijiti kuliko kicheko cha kinyozi. Alitaka babu akasirike. Kwa kuwa babu hakukasirika, yeye aliibeba hasira ya wote wawili mpaka shuleni.

Kwenye geti la shule alisimama mlinzi, mzee mrefu mwenye mabega mapana yaliyoanza kuinama, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito kuunyanyua. Wanafunzi walimwita Bawabu. Ndiye aliyefungua geti, kugonga kengele na kuandika majina ya waliochelewa, na hakuwa na masihara. Ukichelewa dakika moja, unaokota takataka uwanja mzima. Wanafunzi walisema Bawabu alizaliwa mzee. Kijiti alimwamkia haraka haraka, akapita.

Darasani habari ilikuwa imemtangulia. Mtoto wa kinyozi alisoma naye, msichana mfupi mwenye sauti kali ambaye darasa zima lilimwita Redio kwa sababu hakuwa na mahali pa kuzimia. Redio alikuwa ameshatangaza pambano lote, mpaka miguu ya Gogo ilivyokwenda juu. Kijiti akamjibu, Redio akamjibu, na mwalimu wa Kiswahili alipoingia aliwakuta wanabishana kama wapiga mnada wawili wanaouza mbuzi mmoja.

Mwalimu hakuwaadhibu. Alisikiliza ugomvi mpaka akauelewa, kisha akachukua chaki akaandika ubaoni: "Bingwa wa zamani angemshinda bingwa wa leo." Huo ungekuwa mdahalo wa Ijumaa. Kijiti angeongoza upande wa kutetea, Redio upande wa kupinga. Sharti lilikuwa moja tu. Kila hoja iwe na ushahidi wa maandishi, kwa maana kinachosemwa bila ushahidi ni porojo, na porojo, alisema mwalimu, haihitaji shule.

Redio alikaa chini akitabasamu. Alisema yeye ushahidi anao tayari, kwenye gazeti. Radi amepigana mara ishirini na mbili na hajashindwa hata mara moja.

Jumanne alasiri, babu alipokwenda kupima makochi ya mteja, Kijiti alipanda juu ya stuli na kushusha sanduku la bati lililokuwa juu ya kabati. Ndani, chini ya vyeti na picha, kulikuwa na kijitabu chenye jalada la kijivu. Kilikuwa kijitabu cha bondia, kilichotolewa na chama cha ngumi cha wakati huo. Kila pambano lilikuwa na mstari wake: tarehe, jina la mpinzani, idadi ya raundi, matokeo, na mhuri. Karani wa chama alikuwa na mwandiko mzuri wa wino wa buluu.

Kijiti alisoma kwa furaha. Alishinda. Alishinda. Alishinda. Mstari wa sita ulimsimamisha. Alishindwa. Akasoma tena, akidhani amekosea. Akaendelea. Mstari wa kumi na moja, alishindwa. Wa kumi na saba, mpinzani Mwamba, raundi kumi, alishindwa. Wa ishirini na tatu, alishindwa. Mapambano yote yalikuwa ishirini na matano. Babu yake, ambaye moyoni mwa Kijiti hakuwahi kuanguka, alikuwa ameshindwa mara nne.

Alikaa na kijitabu mapajani. Alimsikia Redio masikioni: hata mara moja, hata mara moja. Kisha akaona jambo ambalo afadhali asingeliona. Kati ya kushinda na kushindwa kulikuwa na herufi moja tu.

Karakanani hakukosekani wembe. Alichukua mmoja akaanza kukwangua W ya kwanza, taratibu, kama babu anavyokwangua gundi iliyokauka kwenye mbao. Wino ulitoka kama vumbi. Karatasi ilibaki nyembamba kidogo, na kati ya d na a kukawa na pengo. Akachukua kalamu ya buluu, akauvuta mkia wa d mpaka ukaigusa a. Haikuonekana vibaya. Akafanya hivyo mara nne. Hasira ilimwambia kwamba hafanyi kosa, anamtetea mzee anayedharauliwa. Usiku wa siku hiyo alisali kwa bidii. Alimwomba Mungu ampe ushindi, lakini habari za wembe hakumwambia.

Ijumaa madawati yalipangwa pande mbili. Redio alisema kwanza, na alisema vizuri. Alionyesha gazeti. Alieleza kwamba Radi ana uzito wa kilo mia na kumi, ana mwalimu wa ngumi, daktari wake na mpishi wake, na kwamba mwanadamu wa leo hukimbia kasi na kunyanyua vizito kuliko wa jana. Kwa nini ngumi tu zirudi nyuma?

Kijiti alibandika ubaoni karatasi kubwa ya manila aliyoiandika kwa kalamu nyekundu. Mapambano 25. Ushindi 25. Kushindwa 0. Uzito, kilo 196. Darasa likashangaa. Alikuwa ameanza kueleza jinsi uzito huo ungemlaza Radi kwa pigo moja, Redio aliponyoosha mkono kuomba taarifa.

"Mwenyekiti, kilo mia moja tisini na sita ni uzito wa ng'ombe. Naomba kujua kama babu yake alipigana au alikamuliwa."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka darasa la jirani. Mwalimu akachukua kijitabu, ambacho Kijiti alikuwa amekiweka mezani kama ushahidi wake, akatazama jalada la ndani, akaeleza kwa upole kwamba kimeandikwa "rtl. 196", yaani ratili, kipimo cha zamani ambacho ni pungufu ya nusu kilo. Ratili hizo ni kama kilo themanini na tisa. Kijiti hakulijua neno hilo. Angemwuliza babu angeelezwa kwa dakika moja, lakini angewezaje kuuliza bila kuonyesha kijitabu? Basi akasimama pale, amechekwa, na hasira ikamchemka upya.

"Ratili au kilo, ni sawa tu," alisema kwa sauti kubwa. "Babu yangu hakuwahi kushindwa. Anayesema alishindwa ajitokeze."

Bawabu alikuwa amesimama mlangoni. Saa ya kengele ilikuwa imefika, na mwalimu alimwomba asubiri dakika kumi. Alivua kofia yake.

"Samahani, mwalimu. Naomba niseme neno moja. Huyo babu yake alikuwa bondia hodari kweli. Ila alishindwa. Nilimshinda mimi, kwa pointi, raundi kumi."

Darasa likalipuka. Bawabu, yule wa kuandika majina ya waliochelewa, amshinde Gogo? Mvulana mmoja alisema labda alimshinda kwa kumfungia nje ya geti. Kijiti naye aliingiwa na hofu, na hofu ikatoka mdomoni ikiwa na sura ya hasira.

"Kitabu hicho hapo, mwalimu. Kisome. Bawabu ni mwongo."

Mwalimu alipiga meza, na darasa likanyamaza. Kwa ukali alimwambia Kijiti kwamba mtu mzima haitwi hivyo, na kwamba atamwomba radhi hata kama ana haki. Kisha akamgeukia mzee na kumwuliza kwa heshima jina alilotumia ulingoni.

"Mwamba," alisema Bawabu.

Mwalimu alipitisha kidole kwenye mistari mpaka wa kumi na saba, akasoma kimoyomoyo, akasoma tena. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma mzee kuliko vicheko vyote. Hakuomba kukiona kijitabu. Alivaa kofia, akaburuta mguu wake mpaka uwanjani, akagonga kengele kwa muda mrefu kupita kawaida.

Upande wa kutetea ulishinda kwa kura thelathini na moja dhidi ya kumi na mbili. Kijiti alimwomba Bawabu radhi getini, kwa maneno ya haraka, akitazama viatu vyake. Mzee alifungua tu geti. Nyuma yake wanafunzi walikuwa wakipita wamekunja ngumi, wakirukaruka na kuimba, "Bingwa wa geti, bingwa wa geti." Nyumbani jioni ile Kijiti alirudisha kijitabu sandukuni. Alijaribu kusali akashindwa kuvuka sentensi ya kwanza. Kila alipofumba macho aliona kofia ikivuliwa.

Jumamosi jua lilitoka. Babu alikuwa akivuta kitambaa juu ya mgongo wa kochi, na Kijiti akimshikilia upande wa pili, mlango ulipoingiwa na giza. Bawabu alikuwa amesimama kizingitini, amevaa koti lake safi. Wazee hawa wawili walikuwa wakisalimiana barabarani kila siku kwa heshima, lakini Kijiti hakuwahi kuwasikia wakizungumza juu ya ngumi. Babu alimkaribisha na kumsogezea stuli. Bawabu hakukaa.

"Gogo, nimekuja na swali moja. Siku ile tulipopigana, nani alishinda?"

"Swali gani hilo, Mwamba? Ulishinda wewe. Mpaka leo mvua ikinyesha, ubavu wangu wa kulia unakutaja."

"Basi kwa nini kitabu chako kinasema umeshinda wewe?"

Babu alicheka, akidhani ni utani wa watu wa rika moja. Alipoona uso wa mwenzake aliacha kucheka. Alisema kitabu hakiwezi kusema hivyo, akashusha sanduku, akavaa miwani, akafungua. Kijiti aliona kidole chake kinene kikishuka polepole mpaka mstari wa kumi na saba, kikasimama hapo.

Bawabu alizungumza kwa sauti ya chini. Alimkumbusha kwamba nyumba yake iliungua miaka mingi iliyopita, na kijitabu chake, mkanda wake na picha zake zote zikateketea. Watoto wake walipokataa kuamini kwamba aliwahi kupanda ulingoni, alijiambia kwamba si neno, kwa Gogo imeandikwa. Wiki nzima anafungua geti na kuandika majina ya watoto wa watu, na hakuna anayejua, lakini kwa Gogo imeandikwa.

"Kumbe umeifuta," alisema. "Una ushindi ishirini na mmoja. Mimi nilikuwa na siku ile moja ya kujivunia, nawe ukaiona nyingi. Mbona umenifanyia hivi?"

Babu aligeuza kijitabu kwenye mwanga wa mlango, na mwanga ukapenya mahali panne palipokuwa pembamba. Mzee ambaye kinyozi alimcheka asijali, ambaye alisema huenda Radi angempiga, sasa alikuwa amesimama kama mwizi ndani ya karakana yake mwenyewe.

Kijiti aliona kwamba akinyamaza hakuna atakayemjua. Bawabu angeondoka na uchungu wake, babu angebaki na aibu ya kitu asichokitenda, na yeye angeendelea kuchambua misumari. Akaachia kitambaa alichokuwa amekishika.

"Si babu," alisema. "Ni mimi. Nilikwangua kwa wembe. Zote nne. Na darasani nikamwita yeye mwongo."

Babu alivua miwani akamtazama. Kijiti hakuwahi kuiona hasira ya babu yake, na sasa aliiona. Haikuwa na kelele. Ilikuwa nzito.

"Umefanya hivyo kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, babu. Walikuwa wanakucheka."

"Walinicheka mimi. Je, walinipunguzia nini? Niliamka kesho yake nikiwa na mapambano yangu yote ishirini na matano. Wewe unayenipenda ndiye umeniibia manne. Na hukuniibia mimi peke yangu. Unamjua yule wa mstari wa sita? Alikuwa dereva wa lori, alikuwa akifanya mazoezi kwa kukimbia nyuma ya lori lake mwenyewe akiwa amempa utingo usukani. Wa kumi na moja alikuwa mpasua kuni. Amekufa, hana mtoto. Ushindi wake ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni hapa." Alikigonga kijitabu kwa kidole. "Na huyu wa kumi na saba umemwita mwongo mbele ya watoto anaowafungulia geti. Umetumia nini? Wembe wangu. Mkono niliousaidia mimi kujifunza kuandika."

Kijiti alilia. Babu hakumwambia anyamaze.

Kinyozi alikuwa amesikia sauti akachungulia mlangoni, simu mkononi kama kawaida. Babu alimwita aingie, asimame ndani kabisa. Alisema atamkemea naye hapo hapo, maana pilipili usiyoila inakuwashia nini? Kwani ni nani aliyeanza kuwapiganisha wazee ndani ya simu? Kinyozi alijitetea kwamba ulikuwa mchezo tu.

"Mchezo ni halali," babu alisema. "Piganisha unavyotaka. Mpe Radi mbawa, nipe mimi ndevu mpaka magotini. Pambano ambalo halikuwapo halina mwenyewe, kila mtu anaweza kulishinda. Hata mimi nikilala huwa nampiga Radi. Lakini pambano lililokuwapo lina wenyewe. Lina jasho la watu ndani yake. Hilo halichezewi, si kwa mdomo, si kwa wembe, hata kwa mapenzi."

Bawabu sasa alikuwa amekaa kwenye stuli. Kinyozi, kwa haya, alimwuliza yeye anaonaje, Gogo wa enzi zile na Radi wa leo, nani angeshinda. Mzee alifikiri sana. Alisema Radi angeshinda kwenye ulingo wa leo, wenye raundi chache na glovu nene. Kwenye ulingo wao, ambao uliwekwa juu ya mapipa na kuyumba kama kitanda kibovu, Radi angetafuta mlango raundi ya nne.

"Ya tano," alisema babu. "Mtoto ana pumzi yule."

Wakabishana kidogo, na katika ubishi huo uso wa Bawabu ulianza kufunguka. Kisha babu alichukua kalamu. Mbele ya Bawabu, kinyozi na Kijiti, alirudisha W nne kwa mkono wake, moja moja, na kando ya kila moja akatia sahihi. Alipomaliza alimwambia Kijiti kwamba bado. Uongo uliosemwa hadharani haufutwi chumbani.

Usiku ule Kijiti alisali tena, na safari hii alianza na wembe.

Jumatatu kabla ya masomo alikwenda kwa mwalimu wa Kiswahili akasema yote. Mwalimu alikasirika, wala hakuficha. Alisema kilichomwuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alimtazama mzee mkweli kwa macho ya huruma, kwa sababu aliamini karatasi. Alifuta matokeo ya mdahalo, akaupa ushindi upande wa kupinga. Kisha akawaita Gogo na Bawabu mbele ya mistari ya shule nzima, na kinyozi akaja bila kuitwa, akasimama karibu na mlingoti.

Kijiti alipewa kijitabu. Alisoma mistari yote ishirini na mitano kwa sauti, majina na raundi, na kila alipofika kwenye W aliitamka polepole ili hata darasa la kwanza wasikie. Alipofika wa kumi na saba alisimama. Alisema kwamba Mwamba ni mzee huyu aliyesimama hapa na kengele, na kwamba yeye, Kijiti, alijua kuwa kitabu kimekwanguliwa wakati alipomwita mwongo. Wale waliokuwa wakiimba "bingwa wa geti" waliinamisha vichwa. Redio, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, hakuwa na la kusema.

Mwalimu alizungumza kwa ufupi. Aliwaambia wanafunzi kwamba kumpenda mtu hakumpi yeyote ruhusa ya kusema uongo kwa ajili yake, kwa sababu uongo wa kumpandisha mmoja lazima umkanyage mwingine, hata kama huyo mwingine humwoni. Alisema pia kwamba kushindwa si aibu ya kufichwa. Gogo alishindwa mara nne akapanda ulingoni tena mara nne, na hilo nalo limeandikwa humo humo kitabuni. Aibu ni kushinda kwa herufi ambayo si yako.

Kisha akamwuliza Kijiti kama ana neno la mwisho. Kijiti alimgeukia Bawabu, na safari hii hakutazama viatu. Alisema kwa sauti iliyofika mpaka getini:

"Shikamoo, babu Mwamba. Nisamehe. Mbele ya Mungu, mbele yako, mbele ya babu yangu, walimu wangu na wenzangu wote hapa, naahidi kwamba sitafuta tena ukweli wa mtu ili mtu ninayempenda aonekane mkubwa. Na yeyote atakayeniuliza siku ile nani alishinda, leo au nikiwa mzee, nitamjibu bila kusitasita: alishinda Mwamba, na Gogo alishindwa."